Vitabu vya Ushairi na Sanduku la Nyumbani





Kijana akitaka kujua kutunga mashairi huuliza swali moja: "Nisome kitabu gani?" Na jibu apewalo mara nyingi huwa ni lile lile: katafute Sheria za Kutunga Mashairi. Swali ni jema, na jibu si baya, lakini halitoshi. Leo twapenda tukae nawe, wewe uliyeko Kiswere au po pote katika mwambao huu wa Kilwa na Lindi, tuvipime vitabu vitatu vinavyotajwa sana katika elimu hii. Tutasema wema wake na upungufu wake bila ya kumwonea mtu, kisha tutakuonyesha kitabu cha nne ambacho huenda kimo ndani ya nyumba yako nawe huna habari nacho.

Kabla ya hayo, liko neno la dini ambalo hatuna budi kulitanguliza. Wako watu wasemao kwamba mashairi ni mchezo wa wasio na kazi, na wengine huongeza kwamba Uislamu umeyakataza. Watu hao hawakuisoma Surat Ash-Shu'araa mpaka mwisho. Hapo Mwenyezi Mungu amewalaumu washairi wanaotangatanga ovyo na kusema wasiyoyatenda. Kisha akawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema, na wakamkumbuka Mungu kwa wingi. Na Hassan bin Thabit (r.a.) alikuwa akimtetea Mtume (s.a.w.) kwa mashairi, na Mtume akimwombea dua. Basi lawama haimo katika vina, imo katika uwongo. Mtungaji ni mtu aliyepewa amana ya ulimi, naye ataulizwa alichokisema. Hii ndiyo mizani ya kwanza, na ndiyo tutakayovipimia vitabu hivi: je, chamfunza mtu kusema lililo kweli kwa namna iliyo nzuri, au chamfunza kupanga maneno tu?

SHERIA NA WIMBO

Kitabu cha kwanza ni hicho cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa mwaka 1954. Mwenye kitabu alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, na akafariki mwaka 1964 angali kijana. Jina lenyewe la kitabu laonyesha kwamba kina pande mbili: kwanza sheria, kisha diwani ya mtungaji mwenyewe, ili msomaji aone sheria zikifanya kazi.

Wema wa kitabu hiki ni mkubwa. Yale yaliyokuwa vinywani mwa watu aliyaweka katika karatasi: kina ni nini, mizani huhesabiwaje, ubeti husimamaje, kituo huwekwaje. Mtoto wa bara, ambaye hakulala akisikia tenzi zikisomwa, alipata mlango wa kuingilia. Hapana shaka kwamba wengi waliotunga baada ya mwaka huo wana deni kwake.

Ama upungufu, twauona zaidi kwa wasomaji kuliko kwa mwandishi. Amri Abedi alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halina maana. Hilo ndilo neno lake kubwa kuliko yote, na ndilo walilolipita wengi kama hawakuliona. Walichukua vidole wakahesabu, wakaiacha sauti. Matokeo yake ni mashairi ya namna hii, ambayo tumeyatunga wenyewe kuwa mfano, ili tusimtahayarishe mtu:

Elimu ni kitu chema, elimu tuitafute,
Tuishike kwa heshima, wake kwa waume wote,
Asosoma atakwama, apungukiwe na vyote,
Elimu kwetu ni njema, tuipende siku zote.

Hesabu utakavyo, Msomaji. Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Vina vya kati vimekaa, na vya mwisho vimekaa. Sheria haikuvunjwa hata moja. Lakini je, umejua kitu ambacho hukukijua? Umeona kitu? Kesho utakumbuka mshororo upi? Mwenye kutunga hivi hakusema uwongo, lakini hakusema kitu vile vile. Na ulimi unaokwenda bila ya kubeba kitu hauko mbali na kule kutangatanga tulikokutaja.

Sasa utazame mshororo huu mmoja, wenye mizani ile ile 16:

Jahazi halina tanga, nahodha atweka nini?

Hapa pana kitu cha kuonekana kwa macho. Mtu wa Kiswere, aliyeziona jahazi katika hori yake, ajua kutweka ni nini, na ajua aibu ya nahodha aliyeshika kamba isiyo na tanga. Pia pana swali ambalo msomaji hulijibu mwenyewe: pengine ni baba asiye na nidhamu anayetaka kuongoza watoto, pengine ni mwalimu asiye na elimu. Sheria ni zile zile. Tofauti ni kwamba wa pili ameangalia kitu kabla ya kufungua kinywa. Tofauti hiyo kitabu cha sheria peke yake hakiwezi kukupa.

VAZI NA MWILI

Kitabu cha pili ni Kunga za Ushairi na Diwani Yetu cha M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliokuwa walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichotoka mwaka 1979. Kilitoka wakati wa mabishano makali. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alikuwa ametoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani, na watu wakagawanyika: wengine wakasema hayo si mashairi kabisa, wengine wakasema ushairi umepata uhuru. Mulokozi na Kahigi walisimama upande wa kusema kwamba vina na mizani ni mambo ya bahari fulani za ushairi, si roho ya ushairi wote. Kwao ushairi ni lugha iliyopangwa kwa sanaa, yenye picha na mguso, inayobeba wazo na hisia za mtu.

Twawapa haki yao. Walileta swali ambalo walimu wengi walikuwa hawaulizi darasani: shairi hili lasema nini, na lasemaje? Mwanafunzi aliyezoezwa kuandika "beti tano, mishororo minne, mizani kumi na sita" kisha akapewa maksi, alihitaji sana kuulizwa hivyo. Ukiurejea ule ubeti wetu wa elimu, ni swali lao ndilo linaloufichua kuwa mtupu.

Lakini na sisi tuna swali la kuwauliza wale waliolichukua neno lao wakalivuta mbali kuliko walipolifikisha wenyewe. Katika nyumba zetu ushairi si kitu cha mtu mmoja kusoma kimya akiwa na kitabu mapajani. Husomwa mmoja akatangulia na wengine wakaitikia. Kasida isiyo na mizani jamaa wataiitikiaje? Utenzi usio na kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti, bibi asiyejua kusoma atauhifadhije? Kwa watu wa namna hiyo mizani si vazi tu. Ni kama ile kamba ya kuvutia juya: pasipo kamba kila mtu atavuta kwa wakati wake, na juya halitafika pwani. Basi anayetaka kutunga bila ya vina na atunge. Lakini ajue kwamba ameacha kusemeshana na mkutano, amechagua kusemeshana na mtu mmoja mmoja. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina mahali pake.

UPANA WA TUNGO

Kitabu cha tatu ni Tungo Zetu cha Ibrahim Noor Shariff, kilichochapishwa mwaka 1988. Mwandishi ni mtu wa Zanzibar, naye aturudisha nyuma kabla ya mabishano yale. Asema kwamba jina linalozikusanya zote ni tungo, na kwamba shairi ni aina moja tu miongoni mwa nyingi. Ziko na nyimbo na tenzi na nyinginezo, kila moja na kanuni zake na kazi yake. Na mizizi yake huitafuta katika nyimbo na ngoma za Waswahili wenyewe, hakubali kwamba kila kitu kilishushwa pwani kutoka majahazini.

Hiki ndicho kitabu tunachokipenda zaidi, kwa sababu chamfanya msomaji asikie fahari bila ya kumfundisha kiburi. Hata hivyo kina mawili. La kwanza ni kwamba kilichapishwa Trenton, New Jersey, huko Marekani, na mtu wa huku kwetu hakipati kwa urahisi. La pili ni kubwa zaidi: uzito wa mifano yake uko kaskazini, Lamu na Pate na Mombasa. Hilo si kosa la mwandishi peke yake; ndivyo vilivyo vitabu vingi vya elimu hii. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama aliutunga mwaka 1858 kumwusia binti yake, ni wa kaskazini. Al-Inkishafi ni wa kaskazini. Muyaka bin Haji ni wa Mombasa. Kijana wa Kilwa au Lindi huweza kuvifunga vitabu hivi vyote akidhani kwamba babu zake walikuwa mabubu.

Na dhana hiyo huzaa tabia mbaya ya utunzi. Utamwona kijana wa kusini, aliyelelewa kwa Kimgao cha mama yake, akishika kalamu huandika "mato" badala ya macho na "nti" badala ya nchi, kwa kuwa ameyaona katika tenzi za Lamu. Maneno hayo ni mazuri sana kinywani mwa mwenyewe. Kwake yeye ni kanzu ya kuazima: mabega hayakai, na kila mtu aona.

BABU ZETU HAWAKUWA MABUBU

Katika nyaraka za Wareno zilizohifadhiwa Goa, huko India, imo barua ya Kiswahili iliyoandikwa Kilwa Kisiwani mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Wataalamu Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl waliisoma na kuitangaza mwaka 1994. Basi watu wa mwambao huu walikuwa wakiandikiana kwa lugha yao zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Na kama wataka utungo, uko. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, huko huko Kilwa. Na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wadachi Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Mtungaji huyu hakungoja historia iandikwe na wageni. Alichukua bahari ya utenzi, ile iliyozoea kubeba habari za Mitume na vita vya Masahaba, akaitwisha habari ya nchi yake na siku zake.

Usome utenzi huo, Msomaji, lakini uusome kwa akili. Mwenye kuutunga alikuwa mtu wa mji, naye aviona vita kutoka mjini. Wale waliokuwa porini na maji yao hawakuacha utenzi. Shahidi mmoja si mashahidi wote. Ukimheshimu shahidi, humnyimi haki yule ambaye hakuitwa kutoa ushahidi. Hivi ndivyo kusoma kunavyokuwa adabu na wala si kusifu tu.

Sasa angalia utenzi huu umetufikiaje. Ulichapishwa kwanza Berlin mwaka 1933, kisha mwaka 1957 ukatolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Umeokoka kwa kuwa mtu mgeni aliuona kuwa na thamani. Hali kadhalika mashairi ya Muyaka: yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kuyapitia pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na karatasi hizo ziko London mpaka leo. Mgeni alikuwa na kalamu na sanduku la kuhifadhia, lakini pasingalikuwa na Mwalimu Sikujua, aliyejua shairi lipi ni la nani na neno lipi lina maana gani, mgeni angaliandika nini?

KITABU CHA NNE

Tumefika kwenye shabaha yetu. Katika nyumba nyingi za pwani mna sanduku, au mkoba, au shubaka, mlimo karatasi za marehemu babu au bibi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenye nyumba akifa, warithi hugawana minazi na mikorosho kwa sheria ya mirathi, nusu kwa thumni, wala hawakosei. Karatasi hazina mrithi. Na kwa kuwa wazionao huona herufi za Quran, hudhani zote ni Aya; basi kwa adabu na hofu ya Mungu huzizika au huzichoma mahali safi. Nia ni njema, lakini huenda waliochoma utenzi walidhani wamehifadhi Msahafu. Mapenzi yasiyouliza huangamiza sawa na mchwa.

Dawa yake, Msomaji, unayo. Mwanao aliyehitimu Juzuu chuoni ajua herufi hizo zote. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa herufi zizo hizo aweza kusoma Kiswahili cha babu yake. Mpe karatasi moja, ukae naye.

Ataona uzito, nawe umsaidie. Katika maandiko ya zamani kasra hutumika kwa i na kwa e, na dhamma kwa u na kwa o. Herufi ba hubeba b na p, na mara nyingi mb. Dali hubeba d na nd. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa laweza kuwa "penda," na laweza kuwa "pinda," na mapenzi hayafanani na kupinda. Nani ataamua? Maana itaamua, na wimbo utaamua. Kama kipande cha utenzi kinachotakiwa kuwa na mizani nane kimekupa saba, jua kwamba umemeza silabi, pengine ni ile mim ya "mtu," ambayo husimama peke yake ikahesabiwa, au nun ya "nchi." Na kama hujui mwisho wa mstari ni "-zi" au "-ze," tafuta neno moja katika ubeti unalolijua kwa yakini, kama vile "kazi," nalo litakufungulia yaliyobaki.

Hapo ndipo utakapoelewa faida iliyofichika ya sheria za Amri Abedi. Watu wamezichukua kuwa fimbo ya kumpigia mtungaji, kumbe kwanza ni ufunguo wa kumsomea aliyekwisha kufa. Na swali la Mulokozi na Kahigi utalihitaji vile vile, kwani baada ya kulipata neno, wapaswa kuuliza lasema nini. Na upana wa Tungo Zetu utakujulisha kama ulichokishika ni utenzi, au shairi, au wimbo wa ngoma. Vitabu vitatu vyawa vyombo vya kukisomea cha nne.

Yafuatayo ni ya kutenda. Usiziunganishe karatasi kwa utepe wa gundi, maana gundi huzila. Zifunge katika kitambaa safi cha pamba, uziweke juu mbali na unyevu na mchwa. Zipige picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mpango wake, na picha uziweke mahali zaidi ya pamoja. Andika karatasi zilikuwa za nani na nani aliyekusomea. Ukinakili kwa herufi za Kirumi, neno lenye shaka litie alama, usilibuni. Wala usikisafishe Kimgao cha babu kikawa Kiswahili cha shule au Kiamu cha kuazima. Yasiyoandikwa, yaliyomo kifuani mwa bibi, yarekodi angali hai, kwa idhini yake, na kwa sauti yake ile ile ya kuimba. Marehemu J. W. T. Allen alipoorodhesha hazina ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika orodha iliyotoka mwaka 1970, aliziweka kanda za sauti pamoja na miswada, kwani utenzi usiosikika ni nusu utenzi.

Ama wewe unayetaka kutunga, usianze kwa kalamu. Sikia kwanza, usome kwa sauti, kisha utazame kitu kimoja cha kwenu mpaka kikuambie neno. Ukishatunga, msomee mtu asiyejua kusoma. Akiuliza "Ehe, kisha?" umepata, akinyamaza kwa adabu, rudi ukaangalie tena.

Minazi aliyoiacha babu yako itazeeka, na wanao watapanda mingine. Neno lake likishachomwa halioti. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na masikio ya kuzisikia.

Wabillahi tawfiq.